Kainjini ka mvuke kwenye sanduku la babu, Mikindani: kweli ni mali ya Mjerumani?

#1 Mjukuu wa Reli (mleta uzi)
Wakuu, salaam. Naishi Mtwara mjini lakini kwetu hasa ni Mikindani. Wiki mbili zilizopita tulikuwa tunashusha paa la nyumba ya babu mzaa mama, makuti yalishachoka, tunaezeka bati. Darini tukakuta sanduku la mbao limefungwa kwa kamba ya katani. Ndani mlikuwa na tupa mbili, kandili isiyo na chemni, kipande cha kanga kilichooza, na hiki kidude ninachowaletea.

Kimesimama wima, urefu haufiki futi moja, ila ukikinyanyua kwa mkono mmoja unajuta. Chini kuna kitako cha chuma, juu yake nguzo iliyo wazi katikati, na juu kabisa silinda. Ubavuni mwa silinda kuna kisanduku kidogo kimefungwa kwa boliti. Chini linapita gurudumu zito la mihimili. Rangi ni ya kijani, sehemu kubwa imeshabanduka. Hakuna maandishi popote, nimetafuta kwa tochi na kwa kucha. Gurudumu halizunguki hata ukilibembeleza.

Mjomba ndiye mwenye sauti kwenye mali za familia, watu wa kusini mnajua mambo yetu. Kabla sijakaa sawa akaja na dalali. Jamaa akakiangalia, akakinusa (ndiyo, alikinusa), akasema hii ni mali ya Mjerumani, humo ndani mna zebaki nyekundu, tusithubutu kufungua maana "nguvu" itatoka. Laki tatu taslimu, leo leo. Bibi alikuwa amekaa mkekani anachambua mchele, hakutia neno.

Nimeomba mjomba anipe mwezi mmoja. Maswali yangu: ni nini hasa, ni ya nani, na inaweza kufufuka? Picha nimeweka sita.

#2 Korosho Ghafi
Siti ya mbele kabisa. Picha ya tatu haifunguki mkuu.

#3 Jogoo la Shamba
Uza hiyo zebaki ununue Noah. Ukikumbuka wadau nitumie ya vocha.

#4 Mzee wa Karakana
Mleta uzi, mimi nipo Lindi, nimestaafu, maisha yangu yote nimeyamalizia kwenye karakana. Nianze na hilo la zebaki ili tulizike. Injini ya mvuke haina sehemu yoyote inayohitaji zebaki. Ndani ya silinda mna pistoni, ndani ya hicho kisanduku cha ubavuni mna kipande cha chuma kinachoteleza juu na chini kufungua na kuziba matundu. Basi. Huyo dalali hataki ufungue kwa sababu ukifungua hadithi yake inakwisha.

Sasa nisikilize mwanangu. Usiipeleke kwa mwenye grenda. Usiipige msasa. Usiipake rangi ya dawa ya kupuliza. Mafundi wetu wakiona kutu mkono unawawasha, dakika tano tu wameshafuta kila alama ambayo ingetuambia ilikotoka. Tafuta venia (kile kifaa cha kupimia unene na kipenyo), hata ya kuazima, unipimie mambo manne: kipenyo cha ndani cha silinda, mwendo wa pistoni kutoka juu hadi chini, kipenyo cha gurudumu, na unene wa boliti. Boliti hasa.

#5 Mswahili wa Magomeni
Mzee wa Karakana, kwa heshima zote, usiwakatishe watu tamaa mapema. Mikindani pana boma la Mjerumani tangu 1895. Oktoba 1914 manowari ya Waingereza, Chatham, iliikuta meli ya Kijerumani, Präsident, imejificha kwenye mkono wa bahari pale Lindi, na karatasi zilizokutwa humo ndizo zilizowaonyesha kwamba manowari ya Kijerumani Königsberg imejichimbia Rufiji. Na hiyo Königsberg, boila zake zilipoharibika, vyuma vilikokotwa nchi kavu kwa mikono ya watu mpaka Dar es Salaam kutengenezwa, vikarudishwa. Kwa hiyo mambo ya mvuke na Mjerumani ukanda huu si hadithi za vijiweni. Kwa nini hiki kisiwe chao?

#6 Mzee wa Karakana
Historia yako safi, sina ugomvi nayo. Ila ukiwa Mikindani kila chuma chenye kutu ni cha Mjerumani, hata kitasa cha mlango. Mimi nasubiri venia.

#7 Mjukuu wa Reli
Nimepata venia kwa kijana aliyemaliza VETA hapa Mtwara. Silinda sikuweza kuingia ndani maana mfuniko umeng'ang'ania, nikapima gurudumu kwanza: milimita 76 na nywele kidogo. Boliti kubwa kubwa za nguzo ni milimita 3.2. Zile ndogo za mfuniko wa silinda ni 2.5.

Halafu nikiri kosa. Boliti moja ya mfuniko ilikatika kichwa nilipoijaribu. Nikaenda kwa fundi wa kompyuta, akanipa skrubu ya laptopu, milimita 2.5 kamili. Nikasema hii hapa! Ikaingia mizunguko miwili safi, wa tatu ikawa ngumu. Nikaiacha, nikaja kuuliza.

#8 Mzee wa Karakana
Umefanya vizuri kuacha, na hilo kosa lako limetupa jibu kuliko picha zote sita.

Skrubu ya laptopu ni ya metriki. Nyuzi zake zimepishana milimita 0.45. Nyuzi za injini yako zimepishana 0.48. Unene ni uleule, ndiyo maana inaingia, lakini kila mzunguko kuna tofauti ya unywele mmoja, na kwenye mzunguko wa tatu nywele zimeshakuwa ukuta. Hiyo ni nambari 7 ya BA. Zile za milimita 3.2 ni nambari 5 ya BA. Huo ni mfumo wa Waingereza wa skrubu ndogo, umekuwepo tangu miaka ya 1880, walikuwa wanautumia kwenye saa, simu, vipimo na injini za mfano. Kichekesho ni kwamba Mwingereza huyohuyo wa inchi na futi, mfumo huu aliupanga kwa milimita. Nambari 0 ni milimita 6 kamili. Lakini pembe ya uzi ni digrii 47 na nusu, ya metriki ni 60, kwa hiyo hata pale zinapokaribiana hazikumbatiani.

Mjerumani hakuwa na sababu ya kutumia BA.

Gurudumu la milimita 76 ni inchi 3. Ukifanikiwa kuingia ndani ya silinda nakutabiria utakuta milimita 19, yaani robo tatu ya inchi, na mwendo wa pistoni hivyohivyo robo tatu. Kama ndivyo, hiyo ni Stuart Turner nambari 10, ya wima, kampuni ya Henley-on-Thames kule Uingereza. Na usishangae kutokuta jina. Hizi walikuwa wanaziuza pia kama vipande vibichi vilivyotoka kwenye kalibu, mnunuzi anakereza mwenyewe kwenye lezi yake, anatoboa, anatia nyuzi, anaunganisha. Vijana wengi wa ufundi walijifunzia humo. Kwa hiyo kiwanda kilimimina chuma, lakini aliyeimaliza ni mtu fulani mahali fulani, na alama za mkono wake zimo humo. Ndiyo maana nilikataza msasa.

Mwaka siwezi kukupa kwa umbo peke yake. Nambari 10 ni ya tangu mwanzoni mwa karne iliyopita na inauzwa hadi leo.

#9 Korosho Ghafi
Yaani fundi wa laptopu kategua kitendawili cha dalali. Hii nchi bwana.

#10 Spana Kumi na Tatu
Mzee, isiwe Mamod? Niliwahi kuona moja kwa mhindi mmoja Dar, ya kijani pia.

#11 Mzee wa Karakana
Mamod za Birmingham, zilizoanza 1937, nyingi ni za bati la kukunja, boila na injini juu ya kitako kimoja, na silinda yenyewe inatikisika huku na huku, ndiyo inayofungua na kuziba matundu. Nzuri kwa watoto. Ya huyu silinda imesimama tuli, kuna valvu ya kuteleza, kuna eksentriki (kisahani kilichotobolewa nje ya katikati) kwenye shafti inayoisukuma hiyo valvu. Hiyo ni injini kamili ya meli, imepunguzwa tu ikaenea mezani.

#12 Binti wa Mtama
Samahani kwa kuingilia uzi wa mtu. Shikamoo Mzee wa Karakana. Nyumbani kwetu Mtama kuna kidude cha bati, kina kapipa ka shaba kamelala na bomba la moshi, mdogo wangu alikuwa anachezea matope. Pembeni kuna kialama kama almasi, ndani herufi GBN, na chini maneno ya Kizungu kwamba kimetengenezwa Ujerumani. Nacho ni cha Mwingereza?

#13 Mzee wa Karakana
Marahaba binti. Kaa kwanza. Mnyang'anye mdogo wako hicho kitu taratibu, umpe mpira.

GBN ni Gebrüder Bing, Nürnberg. Ilikuwa moja ya kampuni kubwa kabisa za vinyago duniani kabla ya Vita vya Kwanza. Baada ya vita wakabadilisha alama, miaka ya 1920 wanaweka BW, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 wakafa. Kwa hiyo GBN ni ya zamani kuliko BW. Hayo maneno ya Kizungu nayo yana habari yake: sheria ya Uingereza ya 1887 iliwabana wauzaji waandike nchi ya asili kwenye bidhaa za kigeni, kwa hiyo chako kilitengenezwa kikiwa na soko la watu wanaosoma Kiingereza akilini. Usikisugue hata kidogo, rangi ya bati la Bing ndiyo kitu chenyewe. Na msikiwashe moto. Fungua uzi wako, tutakufuata huko.

#14 Mswahili wa Magomeni
😂😂 Nilisema kuna Mjerumani, ila nimekosea nyumba.

#15 Mjukuu wa Reli
Dada wa Mtama hongera. Turudi kwangu. Nakifungueje bila kuvunja boliti nyingine? Watu hapa mtaani wameshanipa ushauri: asidi ya betri, ndimu, ukwaju, magadi na chaji ya betri. Mmoja kasema mafuta ya ganda la korosho.

#16 Spana Kumi na Tatu
Mafuta ya ganda la korosho yatakutoa ngozi ya vidole kabla hayajagusa kutu. Waulize akina mama wanaobangua.

#17 Mzee wa Karakana
Asidi ya betri hapana, iwe mwisho kusikia. Ukwaju na ndimu ni nzuri kwa sinia la shaba la bibi, lakini shaba ya njano ukiiacha humo usiku kucha zinki inachomoka, unaamka inakuona na wekundu wa aibu, na huo wekundu hauondoki kwa kufuta. Magadi na chaji ya betri inafanya kazi kweli, chuma chako upande wa hasi, kipande cha nondo upande wa chanya, usitumie chuma kisichoshika kutu (stenlesi) maana maji yanageuka sumu. Ila itakubandulia na hiyo rangi ya kijani iliyobaki. Mimi ningeiacha rangi.

Fanya hivi. Mafuta ya taa nusu, mafuta ya giaboksi ya otomatiki nusu, changanya, tosa injini nzima kwenye ndoo ndogo. Siku tano. Kila asubuhi igeuze. Siku ya sita chemsha maji, mimina juu ya silinda peke yake, kisha jaribu boliti kwa spana inayokaa sawasawa, ukikaza kidogo kwanza ndipo ulegeze. Pistoni isipotoka usigonge kwa chuma. Nenda kwa wachonga vinyago hapo Mtwara, omba kipande cha mpingo cha kutupa, wakuchongee kijiti kinachoingia kwenye silinda. Mpingo ni mgumu, hauachi alama kwenye chuma.

#18 Jogoo la Shamba
Siku tano ndoo ya mafuta ya taa ndani ya nyumba, mama mwenye nyumba kakubali?

#19 Mjukuu wa Reli
Nimeiweka kwenye banda la kuku. Kuku wamehama.

#20 Mjukuu wa Reli
Wakuu, mrejesho. Siku saba badala ya tano, maana mjomba alisafiri kwenda Nachingwea na ndoo ilikuwa yake.

Boliti zimetoka zote isipokuwa ile niliyoikata, hiyo kijana wa VETA ameitoboa katikati akaing'oa kwa kuizungusha kushoto. Pistoni ilikataa maji moto ya kwanza, ya pili ikasogea kama inapiga miayo, ya tatu ikatoka na kijiti cha mpingo. Nimepima ndani: 19.05. Mzee, nimekuvulia kofia.

Sasa kuna mambo mawili nataka muone kwa macho yenu, picha ya kwanza na ya pili.

La kwanza. Kati ya boliti za mfuniko, moja si kama wenzake. Kichwa chake kina pembe sita lakini hazilingani, moja nene, moja nyembamba, na ukiweka chini ya mwanga unaona mistari ya tupa imekwenda mshazari. Mtu aliichonga kwa mkono. Ile tupa ndogo iliyokuwa kwenye sanduku, nimeipitisha juu ya mistari hiyo, meno yanakaa.

La pili. Kisanduku cha valvu, kati ya mfuniko na silinda, kulikuwa na gasketi ya karatasi iliyolowa mafuta, imekatwa kwa mkasi. Nimeibandua kwa wembe inchi kwa inchi. Upande wa ndani ina mistari ya fomu ya kuchapishwa, na kwenye kona herufi zinasomeka: E.A.R. & H.

#21 Mzee wa Karakana
Mwanangu. Hizo herufi ni Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lilianza 1948. Babu yako alifanya kazi gani?

#22 Mjukuu wa Reli
Jina langu humu ndani linajieleza mzee. Alikuwa fita, yaani fundi mitambo, wa reli ya Mtwara. Mimi sikumkuta, alifariki mama akiwa kidato cha pili. Nilichokuwa najua ni kwamba "alikuwa reli", na kata yenyewe ya Reli hapa mjini watu wanapita kila siku bila kuuliza reli iko wapi.

#23 Mswahili wa Magomeni
Kwa vijana wasioijua: baada ya Vita vya Pili Waingereza walikuja na mpango wa karanga, Kongwa, Urambo na huku kwetu Nachingwea. Wakajenga reli, kwanza ikianzia Mkwaya karibu na Lindi kwenda Nachingwea, ikafunguliwa 1949. Mpango wenyewe wakautangaza umekufa Januari 1951, karanga zimewashinda. Reli haikufa palepale, ikaunganishwa na bandari mpya ya kina kirefu ya Mtwara, ikabeba korosho na mihogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Tuta lake bado unaliona ukijua pa kutazama.

Kwa hiyo fita wa hapa alikuwa na kazi kwa miaka kumi na kitu, kisha siku moja karakana haipo.

#24 Mzee wa Karakana
Ndivyo. Na karatasi ya fomu iliyopakwa mafuta ndiyo gasketi ya kila fita wa zamani, mimi mwenyewe nimekata nyingi. Sasa kama aliinunua kwa bwana mkubwa wake anaondoka, au aliachiwa, au aliikereza yeye kwenye lezi ya kazini saa za jioni, chuma hakisemi. Kinachosema ni kwamba aliifungua, akaitia gasketi, boliti ilipopotea akachonga nyingine, maana duka la BA Mtwara halikuwepo na halipo.

Hiyo boliti usiibadilishe. Kwa ile iliyokatika, mwambie kijana akereze mpya, nyuzi akate kwa kipande cha BA kama kipo, kama hakipo nitakutumia changu kwa basi, ukimaliza unirudishie. Gasketi ya zamani weka kwenye bahasha, kata mpya kwa karatasi ya kaki. Kwenye mfereji wa pistoni utakuta mabaki ya uzi mweusi, ni uzi wa grafiti. Ukikosa, chukua ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, isokote iwe kamba nyembamba, zungushia, usijaze kupita kiasi.

Na usije ukafikiria katani kwa sababu imejaa Lindi. Ni kavu mno kwa kazi hiyo, itakukwaruzia silinda.

#25 Korosho Ghafi
Boila iko wapi lakini? Bila boila hiyo ni pambo.

#26 Mjukuu wa Reli
Nimemuuliza bibi. Kasema ilikuwepo, ya shaba nyekundu, kama birika lisilo na mdomo. Mtoto mmoja wa nyumba aliiuza kwa wanunua vyuma chakavu mwaka ambao Daraja la Mkapa linafunguliwa, kwa hiyo 2003. Hakumtaja ni mtoto gani. Mjomba alikuwa amekaa hapo, akakumbuka ana shughuli sokoni.

#27 Spana Kumi na Tatu
Tengeneza boila kwa mtungi mdogo wa gesi, chomelea, weka moto. Nimeona video.

#28 Mzee wa Karakana
Naomba uifute hiyo komenti kabla mtoto wa mtu hajaisoma. Maji yakigeuka mvuke yanataka nafasi zaidi ya mara 1,600. Boila ikipasuka, maji yote ya moto yaliyokuwa yamebanwa humo yanageuka mvuke kwa pamoja, na hapo hapana fundi wala mtazamaji. Boila ndogo ya kweli ni ya shaba nyekundu, inaunganishwa kwa lehemu ya fedha, si risasi ya kawaida inayoyeyuka kwenye nyuzijoto 183 maji yakikauka. Ina valvu ya usalama iliyojaribiwa. Na kabla ya moto wowote inajazwa maji baridi hadi juu, inasukumwa kwa pampu hadi mara mbili ya nguvu itakayofanya kazi. Maji baridi yakivuja yanatiririka tu, hayaui.

Mjukuu, boila iwe mradi wa mwakani. Hiyo injini itakwenda kwa upepo.

#29 Mjukuu wa Reli
Upepo wa kompresa ya fundi pancha? Si itaisambaratisha?

#30 Mzee wa Karakana
Ukiunganisha moja kwa moja, ndiyo. Chukua tairi la gari lililokwisha fungwa kwenye rimu, lijaze upepo 15 tu, chomoa sindano ya valvu huku umeshaminya mpira wa mafuta wa pikipiki juu yake, upande wa pili wa mpira kwenye injini. Tone mbili za mafuta ya cherehani kwenye silinda kabla, maana upepo ni mkavu. Zungusha gurudumu kwa kidole. Hiyo injini haihitaji nguvu, inahitaji subira.

#31 Mjukuu wa Reli
Jana jioni, kwa fundi pancha wa Mikindani, njia ya kwenda ufukweni. Mara ya kwanza ilikohoa, ikageuka nusu, ikarudi. Upepo ukatoka juu na chini kwa pamoja kama mtu mwenye pengo anapiga mluzi. Mzee alinipigia simu, tukafungua kisanduku, kumbe valvu imekaa chini mno, tundu la juu linafunguka lote na la chini halifunguki kabisa. Tukaigawa sawa.

Mara ya pili nikasukuma gurudumu kwa kidole, likanikimbia. Wakuu, sijui niseme nini. Haina kelele. Ni kama cherehani iliyotiwa mafuta jana. Mihimili ya gurudumu ikapotea ikawa kivuli. Watoto wakanyamaza, na watoto wa pale hawanyamazi. Aliyekuwa anashika mpira ni mjomba, mikono yote miwili, anamfokea fundi pancha asisogee. Ikazunguka dakika mbili na sekunde kadhaa upepo ukaisha, akasema "jaza tena".

Dalali alipiga simu leo. Mjomba kamjibu kwamba zebaki imeyeyuka.

#32 Jogoo la Shamba
Video!!!

#33 Korosho Ghafi
Nimeiangalia video mara nne ofisini. Bosi kaja nyuma yangu, naye akaangalia.

#34 Mjukuu wa Reli
Nina swali la mwisho, Mzee. Nimeipeleka nyumbani na tairi lake, nikaiwasha mbele ya bibi. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, kwa hiyo aliweka kiganja karibu na gurudumu, akawa anasikiliza upepo wake. Nikadhani atalia, hakulia. Akasema: "Inakwenda kinyume. Ilikuwa inazunguka kuja kwangu."

Inawezekana? Au ni uzee?

#35 Mzee wa Karakana
Si uzee. Injini hiyo haina mtambo wa kurudi nyuma, upande inaozunguka unaamuliwa na eksentriki ilivyokaa kwenye shafti. Ulipoitoa kuisafisha ukairudisha ulivyoona wewe. Kuna skrubu ndogo isiyo na kichwa, ilegeze. Weka pistoni juu kabisa, shikilia gurudumu lisiende. Zungusha eksentriki taratibu kuelekea upande ambao bibi anautaka, mpaka tundu la juu lianze kufunguka kama unene wa karatasi. Kaza. Valvu yenyewe usiiguse, ilishakaa sawa.

Na mwambie bibi shikamoo yangu.

#36 Mjukuu wa Reli
Nimefanya usiku huu, kwa taa ya simu. Kwenye shafti, pale skrubu inapouma, kulikuwa na kidonda kidogo cha zamani ambacho nilikipita wakati wa kufunga. Skrubu imerudi humohumo.

Bibi akaomba uzi wa cherehani. Akafunga ncha kwenye shafti mwenyewe, kwa kupapasa, fundo moja, kigurudumu cha uzi akakiacha kiganjani mwake. Kumbe babu alikuwa anamsokotea bobini hivyo, na yeye anakaa upande wa dirisha. Nikafungua upepo. Uzi ukaanza kumtoka mkononi, mwekundu, unajikunja kwenye shafti. Akauacha uende hadi karibu nusu, halafu akasema zima, upepo wa watu unaisha.

Shikamoo yako imefika mzee. Kasema marahaba, na anauliza wewe ni wa ukoo gani pale Lindi.